Chujio zuri la maji ni lipi? Stori ndefu kutoka Paisley mpaka Maji ya Chai

Najua nimepotea sana, ila wenzangu wa Education mnaelewa hali ilivyokuwa: kazi za semina mpaka shingoni, test zimepangana kama zinakimbizana. Leo nimepata upenyo, nikasema ngoja nilimalize hili swali ambalo naulizwa kila kukicha hapa chuoni: "Hivi chujio lipi la maji ni zuri kununua nyumbani?"

Sababu ya kuulizwa mimi, mtu wa History na Kiswahili, ni meno yangu. Natoka Arumeru, na meno yetu watu wa kule yana rangi ya kahawia. Wengine wanadhani navuta sigara, wengine wanadhani mswaki siujui. Mswaki napiga asubuhi na usiku, teh teh. Ni maji tu ndugu zangu. Kwa hiyo nikicheka, mtu anaona kabisa kwamba huyu habari za maji anazijua.

Jibu langu huwa linawaudhi watu: hakuna chujio zuri. Kuna chujio zuri kwa maji fulani. Kila chujio unaloliona dukani lilizaliwa mahali fulani, mwaka fulani, kwa ajili ya tatizo fulani. Ukilipeleka kwenye tatizo lingine linakukodolea macho tu, na pesa yako imeshakwenda. Ndiyo maana naona historia inasaidia hapa kuliko maneno ya muuzaji. Twende taratibu.

LILIANZA KWA AJILI YA NGUO

Mwaka 1804, katika mji wa Paisley kule Scotland, bwana mmoja aliyeitwa John Gibb alikuwa na kiwanda cha kupausha vitambaa. Maji ya mto yalikuwa machafu na yalimharibia kazi. Akajenga chujio la changarawe na mchanga. Maji yaliyomzidi akawauzia watu wa mjini. Hapo ndipo panapohesabiwa kuwa mwanzo wa kuchuja maji kwa ajili ya mji mzima. Ona sasa: nia haikuwa afya ya mtu, ilikuwa weupe wa kitambaa.

Mwaka 1829 mhandisi James Simpson akajenga chujio kubwa la mchanga kwa kampuni ya maji ya Chelsea, London. Maji yanapita polepole kwenye tabaka la mchanga, yanatoka chini yakiwa meupe. Naye alikuwa anawinda tope. Habari za vijidudu hakuna aliyekuwa nazo wakati ule. Kumbe juu ya ule mchanga kunajengeka utando laini wa viumbe hai vidogo, na utando huo ndio unaonasa na kula vijidudu vya magonjwa. Yaani walipata dawa ya ugonjwa wasioujua chanzo chake. Mwaka 1852 ikatungwa sheria ya kuyalazimisha makampuni ya maji ya London kuchuja maji ya majumbani. Miaka miwili baadaye, 1854, daktari John Snow akaonyesha kwamba kipindupindu cha mtaa wa Broad Street kilitoka kwenye pampu moja ya maji. Wakubwa wengi hawakumwamini sawasawa.

Ushahidi uliowafunga watu midomo ulikuja Hamburg, Ujerumani, mwaka 1892. Hii stori naipenda sana. Hamburg na Altona ilikuwa miji miwili iliyogusana, mtaa kwa mtaa, na yote ilikunywa maji ya mto Elbe. Hamburg ilichota juu ya mji lakini ilisambaza maji bila kuyachuja, maana wakubwa wake walikuwa wamebishana miaka mingi juu ya gharama. Altona ilichota chini, baada ya uchafu wote wa Hamburg kumwagwa mtoni, ila yenyewe ilikuwa inachuja kwa mchanga tangu 1859. Kipindupindu kilipoingia, Hamburg walikufa zaidi ya watu 8,000. Altona walipata wagonjwa wachache, na Robert Koch, yule wa vijidudu, alipofuatilia akaona kwenye mpaka wa miji hiyo ugonjwa unashambulia upande mmoja wa barabara na kuuacha upande wa pili. Kulikuwa hata na nyumba za wapangaji upande wa Hamburg ambazo bomba lake lilitoka Altona, nazo zikasalimika. Mwaka uliofuata, 1893, Hamburg nao wakafungua mtambo wao wa kuchuja. Walichelewa mwaka mmoja tu, makaburi yalikuwa yameshachimbwa.

CHUJIO LINAINGIA NYUMBANI

Sasa zile sufuria mbili zilizopandana, ya juu ina mishumaa myeupe, ambazo wengi wetu tumezikuta kwa bibi au kwenye nyumba za mapadri, nazo ni watoto wa zama hizohizo. Mwaka 1884 Charles Chamberland, aliyefanya kazi na Louis Pasteur kule Paris, alitengeneza mshumaa wa kaure isiyopakwa rangi ya kung'arisha. Matundu yake ni madogo kiasi kwamba bakteria hawapiti. Mwaka 1891 Mjerumani Wilhelm Berkefeld akatoa wa kwake, wa udongo unaotokana na mabaki ya viumbe vidogo vya majini vya kale. Wakati wa balaa la Hamburg mishumaa yake ilikuwa na kazi kubwa.

Lakini hebu sikiliza. Mwaka huohuo wa 1892, kule Urusi, mwanasayansi Dmitri Ivanovsky alichukua utomvu wa majani ya tumbaku yenye ugonjwa, akaupitisha kwenye mshumaa wa Chamberland, akaupaka kwenye majani mazima. Yakaugua! Kwa hiyo kuna kitu kimepita pale ambapo bakteria hapiti. Hicho ndicho baadaye tukakiita virusi. Chujio lililowaokoa watu na bakteria ndilo lililoonyesha kwamba kuna adui mdogo zaidi linayemwachia njia.

Na virusi angalau ni kitu chenye umbo. Kuna vitu vimeyeyuka kabisa ndani ya maji. Hapo ndipo kwetu panapohusika.

MENO YA KAHAWIA

Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alifungua kazi Colorado Springs, Marekani. Akakuta wenyeji wana madoa ya kahawia kwenye meno. Watu walikuwa na maelezo yao ya kila aina, yeye akahisi ni maji. Alisaka miaka na miaka. Mwaka 1923 alikwenda Oakley, jimbo la Idaho, ambako wazazi walimwambia madoa ya watoto yalianza baada ya mji kuvuta bomba kutoka kwenye chemchemi ya maji ya uvuguvugu. McKay akapima yale maji, hakuona kitu, maana vipimo vya wakati ule havikujua kutafuta kilichokuwemo. Ila akawashauri waliache lile bomba, watumie chemchemi nyingine. Wakasikia. Baada ya miaka michache watoto wadogo wakaanza kuota meno ya ukubwani yakiwa safi. Wakubwa waliokuwa na madoa wakabaki nayo. Kitu chenyewe kilikuja kujulikana mwaka 1931, mkemia wa kampuni ya alumini, H. V. Churchill, alipopima maji ya mji wa Bauxite, Arkansas: floraidi.

Floraidi kidogo inalinda meno yasioze, ndiyo maana ipo kwenye dawa ya mswaki. Ikizidi, na mtoto akainywa wakati meno yake ya ukubwani yanajengwa ndani ya ufizi, yanaota na madoa. Kipindi hicho ni tangu kuzaliwa mpaka kama miaka 8. Maana yake meno yangu mimi yalishaamuliwa kabla sijamaliza darasa la pili. Ikizidi sana kwa miaka mingi inaingia kwenye mifupa, na kule kwetu wapo watu miguu imepinda, migongo imekakamaa.

Mlima Meru ni volkano. Maji yanapita kwenye miamba yake na kubeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linasema mwisho iwe miligramu 1.5 kwa lita. Kule zipo chemchemi na vijito vinavyozidi 10, na maziwa ya Momella yanakwenda kwenye mamia. Mwaka 1964 madaktari Grech na Latham walichapisha utafiti wao juu ya madhara ya floraidi katika kanda ya kaskazini ya Tanganyika, kwa hiyo tusiseme ilikuwa siri. Mwaka 1974 viwango vya muda vya maji vya Tanzania vikaruhusu mpaka miligramu 8. Mtu anaweza kukasirika, nami nilikasirika nilipolisoma hilo mara ya kwanza. Ila jiulize: ukifunga kila chanzo kinachozidi 1.5 miaka ile, wananchi wanakunywa nini? Walikuwa wanachagua kati ya meno na kiu. Baadaye kiwango kikashushwa mpaka 4, kisha 1.5.

Na ubaya wa maji yale ni kwamba ni matamu! Meupe, ya baridi, sabuni inatoa povu vizuri maana hayana chokaa nyingi. Macho na ulimi havikuambii kitu. Ukiyachemsha unaua vijidudu, sawa, lakini floraidi haiendi popote. Ni kama chumvi kwenye mchuzi: ukizidi kuchemsha, maji yanapungua, chumvi iko palepale. Mshumaa wa Berkefeld? Inapita. Zile mashine za mionzi ya UV? Zinaua vijidudu tu. Kaboni, ule mkaa maalum mweusi? Unaondoa harufu na ladha ya klorini, floraidi hauiwezi.

NINI KINAIWEZA?

Cha kwanza ni mkaa wa mifupa, ambao viwanda vya sukari vya Ulaya vilikuwa vikiutumia tangu karne ya 19 kufanya sukari iwe nyeupe. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo, inasagwa chengachenga, maji yanapitishwa humo. Kilichomo kwenye chenga hizo ni kilekile kilichomo kwenye mifupa na meno yetu, na floraidi inavipenda hivyo. Yaani badala ya kunasa kwenye mfupa wa mtoto, inanasa kwenye mfupa wa ng'ombe. Kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji pale Ngurdoto kimefanya kazi kubwa kwenye hili, na wenzetu wa Jimbo Katoliki la Nakuru, Kenya, walianza yao mwishoni mwa miaka ya 1990. Shida zake ni mbili. Mifupa ikiungua kidogo maji yananuka, ikiungua kupita kiasi inakuwa myeupe na nguvu inapungua. Halafu mkaa ukishashiba haukupi taarifa. Maji yanaendelea kutoka safi na matamu, floraidi imo. Lazima upime na ubadilishe.

Cha pili ni shabu na chokaa, njia ya Wahindi ya miaka ya 1970 inayoitwa Nalgonda, kwa jina la wilaya yenye shida kama yetu. Unakoroga, unaacha itulie, unachuja. Njia hii pia ilijaribiwa kwetu kwa ndoo mbili. Ni rahisi kwa bei, ila inataka kipimo kamili kila siku, na shabu yake ni nyingi kuliko ile ya kutuliza tope.

Cha tatu ni mashine za RO, zinazosukuma maji kwa nguvu kwenye utando mwembamba sana. Utando uliowezesha kazi hiyo ulitengenezwa na Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan pale California mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1965 mji wa Coalinga ukaanza kuutumia kwa maji yake ya chumvi. Inaondoa floraidi vizuri sana. Ila inataka presha, mara nyingi umeme, na sehemu ya maji inamwagwa. Kijijini bomba likitoka mara 2 kwa wiki, maji ya kumwaga unayo?

Na sisi wenyewe hatujakaa kimya. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa chujio linalounganisha mchanga na vifaa vya nano. Kilichonivutia ni kwamba wazo lake linaanzia kwenye kujua kilichomo kwenye maji ya mahali husika, ndipo chujio lipangwe kwa ajili hiyo.

Wale wa pwani mnaolalamika kwamba birika linaota ukoko mweupe na sabuni haitoi povu, ugonjwa wenu ni mwingine. Hayo ni maji magumu, yana kalsiamu na magnesiamu kutoka kwenye mawe ya matumbawe na chokaa. Yanaudhi na yanakula sabuni, ila si sumu. Mashine ya kuyalainisha inabadilishana kalsiamu kwa sodiamu ya chumvi ya kawaida. Ukimuuzia mtu wa Meru mashine hiyo umemuibia, maana maji yake ni laini tayari. Na kisima chenu kikiwa karibu na choo, shughulikeni na vijidudu kwanza, ukoko baadaye.

KWETU TUMEAMUA HIVI

Nasema haya kwa sababu nyumbani kuna mtoto wa dada yangu, ana miaka 2. Meno yake ya ukubwani yanajengwa sasa hivi. Ndugu tulichanga pesa, na kaka mkubwa akawa ameshapata mashine mjini, inawaka taa ya bluu, ina UV na kaboni. Nikampigia simu nikamwambia, "Shikamoo kaka, hebu muulize muuzaji inaondoa floraidi kiasi gani." Akaniambia jibu alilopewa ni kwamba inaondoa kila kitu. Kwenye historia yote niliyosoma sijakutana na chujio la namna hiyo.

Tukakubaliana tupime kwanza. Kaka akapeleka chupa ya maji ya bomba letu maabara. Floraidi ikatoka zaidi ya mara tatu ya kiwango. Basi mjadala ukawa mfupi.

Tumechagua walichochagua watu wa Oakley: kubadilisha chanzo. Maji ya mvua hayana floraidi ya kutisha, na paa la bati tunalo. Hesabu yake ni hii: watu 6, lita 5 kila mtu kwa siku za kunywa na kupikia tu, ni lita 30. Kiangazi cha Juni mpaka Oktoba ni kama siku 150, jumla lita 4,500. Simtanki la lita 5,000 linatosha, mradi mtu asilifulie nguo. Kufua, kuoga, kudeki, bomba lilelile. Mvua ya kwanza inaachwa ioshe paa, na maji ya kunywa yanapita kwenye mshumaa, kwa sababu ndege nao wanalitumia bati letu. Tanki likikauka kuna ndoo ya mkaa wa mifupa ya akiba.

Mama alikuwa na pingamizi, na si dogo. Anasema chai ya maji ya mvua haikolei. Pia hakupenda niliposema magadi ya kulainishia makande nayo yana floraidi, na kwamba maharage yanakunywa maji kama mtu, kwa hiyo ya kupikia lazima yawe ya tanki. Alininyamazia siku mbili. Siku ya tatu akauliza makande bila magadi yanachukua kuni kiasi gani. Hilo ni swali la haki, kwa sababu kuni anatafuta yeye. Tumesema maharage yalowekwe usiku kucha, tuone. Pesa iliyochangwa imetosha tanki, gata za paa bado. Sehemu ya bumu langu la awamu hii inakwenda huko, kwa hiyo msinione nakula ugali maharage kila siku mkadhani nafanya mazoezi. Masika yakianza mwezi Machi, gata ziwe zimefungwa.

Kwa kifupi, ukitaka kununua chujio usianze dukani. Anza kwa kuuliza maji yenu yana nini: tope, vijidudu, chokaa au floraidi. Maabara za ubora wa maji za wizara zipo, beba chupa safi uende. Ukishajua, angalia kama kuna chanzo kingine jirani, hata kama ni paa lako. Ukikosa, tafuta chujio la shida hiyohiyo, kisha uliza nani atalisafisha na lini litabadilishwa. Muuzaji asiyeweza kukujibu hayo muage kwa heshima.

Na neno moja kwa walimu wenzangu mtakaopangiwa TP Arusha, Singida au sehemu yoyote yenye maji ya namna hii. Asubuhi kwenye ukaguzi wa usafi mtakuta mtoto ana meno kama yangu. Mtoto huyo msimwambie mbele ya wenzake akapige mswaki. Muulizeni kwao wanachota maji wapi, na kama ana mdogo wake nyumbani.

Haya wapendwa, naishia hapa, nina semina saa 2 asubuhi na sijasoma hata ukurasa. Tuko pamoja.